Diorissimo ya marehemu shangazi na ya sasa hazinukii sawa. Nimepigwa?

Asumini wa Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaojua pafyumu.

Shangazi yangu aliishi Muscat miaka mingi. Alipofariki nikaachiwa kisanduku chake cha marashi, na ndani mna kichupa cha Diorissimo, kimebaki kama robo, maji yake yamegeuka kahawia. Ukijipaka, mwanzo kinapiga pua kama asetoni ya kutolea rangi ya kucha, nusura nikitupe. Ukivumilia kidogo linatoka ua jeupe, bichi, lenye ubaridi wa majani ya alfajiri, na chini yake kitu kizito chenye joto la mwili.

Nikanogewa, nikanunua mpya Dar. Ni nzuri, sikatai, ila nyepesi, safi mno, na kile kizito hakimo. Muuzaji anaapa ni orijino. Je, nimeuziwa feki? Na hiki cha zamani nikitumie au nikitunze? Kuna mtu anakitaka kwa pesa.

Mzee wa Udi
Feki hiyo, dada. Rudisha kabla risiti haijapotea.

Fundi Manukato
Mzee, usimharakishe. Diorissimo ilitoka 1956, na ya leo haiwezi kunukia vilevile hata kama zote ni halali. Ua lake ni muguet, vikengele vyeupe vya Ulaya, na halitoi mafuta ya kufaa kwa kukamuliwa. Harufu yake lazima itungwe. Edmond Roudnitska aliyeitunga alipanda muguet bustanini kwake Cabris, karibu na Grasse kule Ufaransa, ili ainuse vizuri. Nguzo yake kubwa ilikuwa Hydroxycitronellal, kiungo cha maabara, ambayo sasa imewekewa kiwango kwa sababu huwasha ngozi za baadhi ya watu. Viungo vingine viwili vilivyotegemewa sana kwenye manukato ya muguet, Lyral na Lilial, vyote vimepigwa marufuku Umoja wa Ulaya. Lilial ilipigwa marufuku 1 Machi 2022, kwa hofu ya madhara kwenye uzazi. Hapo mtungaji afanyeje? Anatafuta njia nyingine, na pua inatambua.

Angalia maboksi. Tangu 2005 sheria ya Ulaya inataka viungo vinavyoleta mzio viandikwe kwa majina: Linalool, Limonene na wenzao. Boksi lisilo na majina hayo huenda ni la kabla ya hapo. Kuhusu feki, orodha si ushahidi, maana nao huiga. Tazama namba ya toleo chini ya chupa kama inalingana na ya kwenye boksi.

Bi Mkunazini
Mwanangu, mie naona mpya inaonewa. Kichupa cha shangazi si Diorissimo ya zamani tu, ni ya zamani iliyokaa kwenye joto la Muscat. Harufu za juu, zile za kwanza kusikika, za ndimundimu, ndizo hufa mwanzo, na hiyo asetoni ndiyo kaburi lao. Kilichobaki ni harufu za moyo na za chini, zinazofuata baadaye, kwa hiyo lazima ukione kizito. Hicho kizito, kwa pua yangu, ni asumini. Jipake moja mkono huu, nyingine mkono ule, ukapike, ukaoge watoto, ndipo unuse. Usihukumu kwa dakika ya kwanza.

Kitumie. Kutunza robo chupa ni kuilisha hewa tu. Usikihamishie chupa nyingine, kiweke kabatini gizani, na kisiguse nguo nyeupe, doa lake halitoki. Ukitaka uzito wa ua kwa bei ndogo, tafuta mafuta ya langilangi. Hata Chanel No. 5 ya 1921 imo langilangi, na mlangilangi tunao uani.

Mzee wa Udi
Haya, nimekubali. Huyo mnunuzi anatoa ngapi?

Asumini wa Ngamiani
Ahsanteni sana. Shikamoo Bi Mkunazini. Boksi la shangazi halina jina hata moja, la mpya limejaa mpaka pembeni, na namba zinalingana. Mkono wa kushoto, uliokuwa na mpya, baada ya kupika ulibaki na harufu nzuri ya majani mabichi, ambayo kwa cha shangazi ilikuwa imeshapotea kabisa. Hiyo itakuwa ya kazini. Ya shangazi naivaa harusi ya mdogo wangu, na siuzi. Mzee wa Udi, bei sisemi.