Hela ya kuunganisha huduma za afya ya akili na za waraibu huku Mtwara iko fungu gani?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mdogo wangu alirudi Newala kutoka Dar akiwa anatumia unga, yaani heroini. Na si unga tu, anasikia sauti. Usiku anakaa mlangoni na panga, anasema kuna watu wamezunguka nyumba.

Tukampeleka hospitali. Kitengo cha akili wakasema huyu ni mraibu, akatibiwe unga kwanza ndipo tumrudishe. Wakatuandikia rufaa ya methadoni, dawa ya kunywa ya kuwatibu waraibu wa unga, huko Dar. Mama akauza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, bei ya kutupa, maana mnada ulikuwa bado na nauli inatakiwa. Kufika Dar, kituo kikasema huyu kichwa hakijatulia, mkamtulize kwanza kwenu. Barua ya rufaa mama alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga, na kwa jasho la safari nzima mhuri ukawa umesambaa. Yule dada wa mapokezi akaishika kwa vidole viwili, akaiangalia, akasema haisomeki. Kupiga simu kule ilikotoka hakuna aliyejisumbua, kwa sababu hiyo si kazi ya mtu yeyote.

Hapo ndipo ninapochukia. Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu 2008. Methadoni ilianza Muhimbili 2011. Mamlaka ya dawa za kulevya iko Ofisi ya Waziri Mkuu, hospitali za rufaa za mikoa ziko Wizara ya Afya, zahanati na vituo vya afya viko TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), na ustawi wa jamii wana wizara yao. Kila mmoja ana bajeti yake. Mgonjwa ni huyo huyo mmoja, na anayelibeba faili lake kutoka mlango hadi mlango ni mama wa miaka sitini na kitu.

Simuombi mtu ghorofa. Serikali imlipe mtu mmoja kila wilaya, apewe simu na mafuta ya pikipiki, kazi yake iwe kujua mgonjwa katoka wapi, anameza nini, na nani anampokea. Methadoni, hasa mwanzoni, inanywewa kila siku mbele ya mhudumu wa afya. Mtu wa Newala atakaa Dar kwa nani miezi yote hiyo? Hilo lilitakiwa liulizwe kabla ya kutuandikia barua, siyo sisi tukaligundue stendi na begi mkononi.

Na msituambie familia zinawatelekeza wagonjwa. Mama hajamtelekeza mtu. Korosho za mwaka ule ziliishia kwenye nauli ya basi.

Kuna diwani au mtu wa halmashauri humu? Naomba jibu moja tu: kwenye bajeti yenu kazi hii imetengewa shilingi ngapi, na nani anaisimamia? Panga kwa sasa nimelificha kwa jirani.