Treshara (mweka hazina) wa matanga ameandika "Omosh" tu na sasa mimi ndio naitwa mtu hajatoa!!

Wadau habari, nimekasirika sana leo hadi chai imenishinda. Kuna grupu ya matanga ya mtaa wetu hapa Kisumu, mama wa jirani yetu alitutoka na mwili unaenda nyumbani Alego Jumamosi, kila mtu akaweka ahadi. Mimi niliahidi elfu mbili nikatuma siku hiyo hiyo kwa namba ya treshara, mesej ya M-Pesa ninayo. Asubuhi naamka naona listi imewekwa na mimi niko upande wa wenye hawajatoa, na alama nyekundu yawa!! Kuangalia juu naona "Omosh - 2000 - imepokelewa". Omosh gani? Ati Omosh wa Nyalenda! Yule jamaa hajatoa hata shilingi, na alikuwa pia ameahidi elfu mbili, so treshara akaona Omosh na 2000 akamwekea tiki akalala. Na yeye badala ya kusema ukweli akajibu "tuko pamoja familia" na vimikono vya kuomba. Omera huna aibu?

Sasa nimepigia treshara ananiambia eti "lakini si wewe pia ni Omosh". Ndio mimi ni Omosh, kila Omondi Kisumu hii ni Omosh! Ukisimama Kondele saa kumi na mbili jioni uite Omosh bodaboda nusu zitasimama. Odhiambo wote ni Odhis, Otieno wote Otis, kina Akinyi ni Akish, Atieno ni Atis. Brian lazima awe Brayo, Kevin Kevo, James Jemo, Patrick Pato, mtu anakata jina katikati anabandika o au sh basi amemaliza, hajali kama tayari kuna wengine kumi na hilo hilo. Nakuru nilikofanya kazi ndio kulikuwa kubaya zaidi, kina Kiprotich, Kipkoech, Kiplagat na Kipruto wote wanaitwa Kip. Yaani mnachukua kile kipande ambacho kila mtu anacho ndio mnamwitia nacho! Kariuki wote Karis, Mwangi wote Mwas, na kuna Njoroge mmoja wa Kaptembwa tulikuwa tunamwita Njoro, siku moja bosi anauliza Njoro ako wapi, anaambiwa ameenda Njoro, ule mji, akadhani anachezewa.

Na msinijie na ile ya "hiyo ni kawaida yetu tangu zamani". Zamani gani? Wazee wetu hawakuwa wanakata, walikuwa wanaongeza. Kijijini kwetu Seme kulikuwa na Ochieng kibao na hakuna siku deni la mmoja lilienda kwa mwingine, kwa sababu mmoja alikuwa Ochieng Rateng' juu ni mweusi, mwingine Ochieng Rabuor juu ni maji ya kunde, mwingine Ochieng wuon Akinyi yaani babake Akinyi, mwingine alikuja kutoka Gem basi akabaki Ochieng ja-Gem, mtu wa Gem, hadi kaburini. Mamangu mpaka leo sokoni ni nyar Ugenya, binti wa Ugenya, na akiwa nyumbani ni min Omondi, mamake Omondi, hakuna mtu anakosea. Hata kwa ohangla, ile ngoma yetu ya Kijaluo, mtu akitoa pesa yake kujisifu hajisifu kwa kipande cha jina, anajitaja na kwao na mamake na sifa zake zote hadi mwimbaji anachoka. Kwa matanga ndio tunataka kuokoa wino?

Na wale wa kuniambia Tom Mboya, yule waziri wa zamani, pia aliitwa TJ, sawa, Thomas Joseph, lakini TJ walikuwa wangapi Kenya hii? Mmoja! Hapo hata ukifupisha hakuna wa kuchanganya. Na ndio huyo alifanya mzee wangu aniite Kennedy, juu ya zile ndege zake za 1960 za kupeleka wanafunzi Marekani, pesa zilitoka kwa familia ya John F. Kennedy. Jina liko kwa kitambulisho na liko kwa ile mesej ya M-Pesa, KENNEDY, herufi kubwa, treshara ameliona kwa simu yake kisha kwa listi akaandika Omosh. Kwa nini lakini??

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwa simu zetu tunajua kufanya vizuri. Fungua simu ya huyo huyo treshara utapata Omosh Welding, Omosh Kuku, Kevo Maji, Akish Salon. Huko hawezi kuchanganya juu ni fundi wake anatafuta. Lakini pesa ya watu akishaishika, mkia wa jina unapotea.

So nasema hivi, treshara najua unasoma hapa. Toa hiyo tiki kwa Omosh wa Nyalenda, andika majina vile M-Pesa inaonyesha, na uweke listi mpya kwa grupu kabla ya mkutano wa kesho jioni juu mwenye matanga ashaanza kunisalimia nusu nusu. Na wewe Omosh wa Nyalenda elfu mbili yako bado inangojewa, basi la kwenda Alego halijalipiwa mafuta.