Obama wa Springfield: mbunge wa kweli au mpita njia?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mzee mmoja anashikilia kwamba Obama alikuwa mtunga sheria hodari kuliko alivyokuwa rais. Nikamuuliza, hodari wapi? Akajibu Washington. Washington alikaa kwenye Seneti miaka minne isiyotimia, na mingi kati ya hiyo alikuwa kwenye kampeni. Bunge alilolitumikia kwa muda mrefu ni la Springfield, makao makuu ya jimbo la Illinois, kama kilomita 320 kutoka Chicago. Seneti yao ina viti 59. Yeye alikalia kimoja, cha wilaya ya 13, kusini mwa Chicago, kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004.

Nimekuja na shutuma, tena sioni haya. Jamaa aliingia kwa mlango ule ule wa kuengua wapinzani ambao sisi tunaulilia kila uchaguzi.

Kiti kilikuwa cha mama mmoja anayeitwa Alice Palmer. Mwaka 1995 mama akagombea kwenda Bunge la Marekani, akamwachia Obama njia. Akabwagwa na Jesse Jackson Jr., akasema basi narudi kwangu. Obama akagoma. Palmer akakusanya saini za wadhamini 1,580, na zilizohitajika zilikuwa 757. Watu wa Obama wakaketi na makaratasi, saini moja baada ya nyingine: huyu hayumo kwenye daftari, huyu anaishi nje ya wilaya, huyu kaandika jina kwa herufi za chapa badala ya kusaini. Palmer akajitoa. Wengine watatu waliobaki wakaenguliwa. Kura za maoni za chama mwaka 1996 Obama akapita bila kupingwa, na eneo lile ukishashinda ndani ya chama cha Democratic umemaliza kazi.

Sasa mniambie. Mwaka 2019 kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa hapa Tanzania tulilia nini?

Kibatari

Mkuu, hapo umechanganya ugali na udongo. Mwaka 2019 waliokuwa wakiengua ni wasimamizi wa uchaguzi wenyewe, nchi nzima, na chama tawala kikaondoka na zaidi ya asilimia 99 ya viti. Kule mgombea kamwekea pingamizi mgombea mwenzake mbele ya tume, saini zikahesabiwa mezani, na mwenye saini ana haki ya kuja kuzitetea. Ni ukatili, sikatai. Huyo mama alikuwa amemfungulia mlango. Ila ukatili ni kitu kimoja na wizi ni kingine.

Lakini tuache alivyoingia, tuseme alichofanya. Mimi nikitaka kumpima mbunge natafuta sheria moja tu: ile ambayo ilipoanza hakuna aliyeitaka. Kwa Obama ni ya mwaka 2003, inayolazimisha polisi kurekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji.

Elewa hali ilivyokuwa. Tangu adhabu ya kifo irudishwe Illinois mwaka 1977, waliouawa kwa kudungwa sindano walikuwa 12, na waliotolewa gerezani walikokuwa wakisubiri kuuawa, baada ya hukumu zao kuanguka, walikuwa 13. Yaani jimbo lilikuwa linakosea mara nyingi kuliko linavyoua! Gavana George Ryan, tena wa Republican, akasimamisha utekelezaji wa adhabu hiyo Januari 2000. Na Chicago walikuwa na kovu la kamanda wa polisi Jon Burge, aliyefukuzwa kazi mwaka 1993, ambaye kikosi chake kiliwatesa watuhumiwa mpaka wakakiri. Kwa hiyo kila mtu alijua ugonjwa uko kwenye chumba cha mahojiano. Dawa ndiyo hakuna aliyethubutu kuishika. Polisi hawakutaka, waendesha mashtaka hawakutaka, na gavana mpya Rod Blagojevich mwanzoni naye hakutaka.

Obama hakupanda jukwaani kuwatukana. Aliwaweka chini polisi na waendesha mashtaka, akawasikiliza, akalegeza hapa, akakaza pale. Hoja yake kwao ilikuwa kwamba video inamlinda pia askari mwema anayesingiziwa kupiga. Seneti ikaupitisha muswada bila kura hata moja ya hapana, na gavana akasaini. Alaska na Minnesota polisi walikuwa wanarekodi tayari, lakini kwa amri ya mahakama. Illinois ndilo jimbo la kwanza kuliweka hilo kwa kutunga sheria. Wewe mtoa mada niambie ni mbunge gani wako aliyewahi kumbana polisi namna hiyo, na polisi wakampa mkono.

Mama Wawili

Kaka Kibatari umesema vizuri, ila umeruka kura za "nipo". Kule seneta ana vitufe vitatu: ndiyo, hapana, na nipo. Obama alibonyeza nipo karibu mara 130 katika kura zipatazo 4,000. Nyingine zilikuwa za utoaji mimba. Hillary Clinton alimchapa nazo kwenye mdahalo wa wagombea urais wa Januari 2008. Mimi mpiga kura nikikutuma bungeni sijakutuma ukaseme upo. Hilo najua, ndiyo maana unalipwa posho.

Na ya Desemba 1999 mmeisahau? Muswada wa bunduki ulikuwa mezani, kila kura inatafutwa kwa tochi, yeye yuko Hawaii kwa bibi yake. Muswada ukaanguka kwa kura chache. Alisema mtoto alikuwa mgonjwa. Hapo mimi kama mzazi nanyamaza, maana mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiwa na homa hakuna bunge duniani. Wapiga kura wa Chicago hawakunyamaza. Wakati huo alikuwa anakiwania kiti cha Bobby Rush kwenye Bunge la Marekani, Rush ambaye mwanawe alikuwa ameuawa kwa risasi miezi miwili tu nyuma. Machi 2000 Rush akamtandika, 61 kwa 30.

Mkisumu

Huku kwetu Kenya 2008 tulipewa hadi sikukuu ya kitaifa, na bia ya Senator ikabatizwa jina lake, kwa hivyo mtanisamehe nikiwa na upendeleo. Lakini nitasema ukweli. Huyu mheshimiwa alikuwa na godfather. Anaitwa Emil Jones. Democratic walipochukua wingi wa viti kwenye uchaguzi wa 2002, Jones akawa rais wa seneti, yaani kama spika, na Obama akapewa kamati ya afya na huduma za jamii. Miswada ambayo wenzake walikuwa wameisukuma miaka na mikaka ikaanza kutua mikononi mwake. Ule wa kuandika rangi ya kila dereva anayesimamishwa na polisi, Rickey Hendon alikuwa ameuhangaikia kabla. Hendon hakufurahia kamwe. Sisi MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) akifanyiwa hivyo, kiti kinaruka ukumbini!

Karani Mstaafu

Wanangu, mnabishana kana kwamba bunge ni uwanja tambarare. Kuanzia 1993 seneti ile ilishikwa na Republican chini ya James "Pate" Philip. Muswada wa upande wa pili ulikuwa unaingia Kamati ya Kanuni na hautoki. Katika miaka hiyo sita ya ukame Obama alivusha vichache, na vyote kwa kushikana mkono na Republican: sheria ya mwaka 1998 ya kuwabana wanasiasa kuhusu zawadi, akiwa na Kirk Dillard wa Republican, halafu unafuu wa kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini mwaka 2000. Hizo mimi nazihesabu mara mbili.

Na wingi wa 2002 wenyewe ulitoka kwenye bahati nasibu. Tume ya kugawa mipaka ilikwama nusu kwa nusu, sheria yao ikaagiza jina la mjumbe wa ziada lichomolewe. Mwaka 2001 likachomolewa la Democratic, wakachora ramani, wakashinda.

Dada yangu, kuhusu "nipo". Katiba ya Illinois inataka muswada upate nusu ya wanachama wote na zaidi, yaani kura 30 kati ya 59, hata kama waliomo ukumbini ni 40. Ukisema nipo umeunyima kura moja, sawasawa na aliyesema hapana. Tofauti yake inaonekana kwenye vipeperushi vya uchaguzi tu.

Mama Wawili

Baba, hapo ndipo penye kosa sasa! Kama ni hapana, sema hapana.

Mtoa mada

Nimewasoma. Ya video nakubali, sikuijua kwa undani huo. Lakini mbona hamuitaji ile ya bima ya afya? Mwaka 2004 ilianza kama ahadi ya huduma ya afya kwa kila mkazi. Makampuni ya bima yakapiga kelele, ikatoka ikiwa kamati ya kwenda kutafakari. Kulegeza huko mnakokusifu kwenye video, huku kulikula muswada mzima.

Na bado sijajibiwa kuhusu mlango.

Karani Mstaafu

Nikujibu basi. Obama alipoondoka Novemba 2004, kile kiti alipewa Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti. Aliteuliwa na viongozi wa chama, bila kupigiwa kura hata moja ya mwananchi. Kwa kipimo chako huyo mlango wake ni mbaya kuliko wa Obama. Obama alirekebisha adhabu ya kifo isikosee sana. Raoul ndiye aliyeubeba kwenye seneti muswada wa kuifuta kabisa, na Machi 2011 gavana Pat Quinn akausaini. Leo ni mwanasheria mkuu wa Illinois.

Mkisumu

Kwame Raoul. Na hapa hakuna bia yake hata moja.

Mtoa mada

Mzee, huyo mfungulie uzi wake. Nakuja na fomu za wadhamini.