"ALISAIDIA KUCHAGUA RANGI"??? MIMI???

Binti Kiguu na Njia (mtoa mada):

Wakuu, nimetoka ukumbini kuwasilisha mradi wa chuo sasa hivi, hata mkoba sijautua. Mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukwa msinisahihishe.

Mnamjua. Jina sitaji. Yule kiongozi wetu wa kundi, wa suti ya bluu, anayeibuka kwenye grupu la WhatsApp kuandika "tuko pamoja wanangu" halafu anayeyuka kama bumu, ile hela ya kujikimu ya mwanachuo. Huyo huyo.

Tulipewa mradi wa kuisuka upya tovuti moja ya habari za magofu ya Kilwa. Ile ya zamani mlioingia mnaikumbuka. Ukurasa wa mbele ni wa Flash, ile programu ya michoro inayotembea ambayo Adobe wenyewe waliizika mwishoni mwa 2020, kwa hiyo unakaribishwa na boksi jeusi. Menyu ina "Historia", "Historia Fupi" na "Historia Zaidi". Habari za boti ya kutoka Kilwa Masoko zimefichwa ndani ya PDF iliyoskaniwa kichwa chini. Picha ya Msikiti Mkuu ukiifungua, bando la wiki linakata roho kabla hujaiona nguzo ya kwanza.

Nani aliwakalisha waongoza wageni, akawapa vikadi wapange wenyewe kipi kikae chini ya kipi? Mimi. Nani aligundua kwamba mgeni anataka kwanza kujua boti na kibali, mambo ya yule msafiri Ibn Battuta kufika 1331 atayasoma akishatulia? Mimi. Nani aliandika upya kurasa za lile kasri la Husuni Kubwa usiku umeme umekatika? MIMI!

Yeye alileta nembo. Nembo yenyewe ina twiga. Kisiwani, wakuu. Twiga! Na ukurasa wa Gereza, ile ngome ya ufukweni, aliuweka chini ya "Huduma za Jamii".

Sasa leo ticha anauliza, "Mpangilio huu wa menyu nimeupenda, nani kaufanya?" Jamaa akakohoa, akanyoosha tai: "Ni maono yangu. Huyu dada naye alisaidia kuchagua rangi."

KUCHAGUA RANGI. Tena kwa tabasamu. Tena akaanza kunipigia makofi, ukumbi mzima ukafuata! Alisaidia. Kuchagua. Rangi. Na mimi kwa mshtuko nikasema "asante".

Mzee wa Sapu: Ukasema asante? 😂😂 Hapa hakuna kesi, uzi ufungwe.

Kigogo cha Mnazi: Rangi zenyewe zikoje? Weka picha. Uzi bila picha ni umbea.

Binti Kiguu na Njia: Nimeweka hapo chini. Nyeupe ya matumbawe na kijani cha mikoko. Tena nilipima, tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandhari yake isishuke chini ya 4.5 kwa 1, ili hata mzee wa macho hafifu asome akiwa juani. Yeye alitaka njano juu ya nyeupe. NJANO JUU YA NYEUPE!

Mzee wa Sapu: Kwa hiyo ni kweli ulichagua rangi.

Binti Kiguu na Njia: Mzee nitakufuata huko huko uliko.

Bwana Kebo: Dada shukuru mna tovuti. Sisi tulipewa ya zahanati, mwenzetu akahifadhi kila kitu kwenye laptop yake tu. Wiki ya kuwasilisha akaiuza alipe kodi ya chumba. Tukasimama mbele ya wasimamizi tunaonyesha kwa mikono: "hapa kulikuwa na kitufe".

Shangazi wa Hosteli: Bora aliyeuza. Wetu alijaza tovuti nzima maneno ya Kilatini ya kushikia nafasi, akasema atayabadilisha. Msimamizi akauliza mbona hii lugha siielewi, jamaa akajibu ni toleo la watalii. Wote sapu, mtihani wa kurudia.

Mwana wa Malindi: Samahani jamani, hiyo picha ya pili kwenye ukurasa wenu si Kilwa. Ni magofu ya Gedi hayo, yako kwetu Kenya. Gedi imeingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 2024 tu na mshaanza kuiiba?

Binti Kiguu na Njia: Picha aliiweka YEYE! Ndiyo maana nawaambia! Halafu anasimama anasema mimi nilichagua ra

Kigogo cha Mnazi: Mwana wa Malindi, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara tumeingia 1981. Tuamkieni kwanza.

Mwana wa Malindi: Shikamooni. Na ile orodha ya urithi ulio hatarini mliyokaa kuanzia 2004 hadi 2014, mmeiweka kwenye "Historia Zaidi"?

Kigogo cha Mnazi: Tumeshatoka, acha kufukua makaburi.

Mzee wa Sapu: Ameyaanza mwenyewe mambo ya magofu, mwache afukue 😂

Binti Kiguu na Njia: Wakuu turudini kwenye mada.

Shangazi wa Hosteli: Hivi kuvuka kwenda Kisiwani siku hizi ni bei gani?

Bwana Kebo: Inategemea umevaaje. Ukining'iniza kamera shingoni, umeliwa.

Kigogo cha Mnazi: Twendeni kundi, tukodi boti moja tugawane. Pweza naleta mimi.

Mwana wa Malindi: Pweza wa nazi au wa kuchoma?

Mzee wa Sapu: Wa nazi. Niandikeni jina.