Mafundi wa ekzosi Mbeya, acheni kutuuzia kelele mkiziita nguvu

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, asiyependa apite. Kubadilisha ekzosi mjini hapa kumekuwa wizi wa mchana kweupe. Mtu anapeleka IST yake ya cc 1500, anaambiwa "bosi, tukuongezee pumzi", anafungiwa bomba la inchi mbili na nusu. Gari linanguruma hadi Uyole, halafu likianza kupanda kuelekea Isyonje linashusha gia kila baada ya kona.

Moshi unaotoka kwa kasi huvuta nyuma yake ule unaofuata kutoka kwenye silinda. Ukipanua bomba kupita kiasi, moshi unapoa, unapunguza mwendo, na mvuto ule unapotea. Kinachopungua ni nguvu ya mzunguko wa chini, yaani injini ikizunguka mara 2,000 hadi 3,000 kwa dakika, ambayo ndiyo unayoihitaji mlimani. Kwa injini isiyo na turbo, cc 1500 inatoshwa na bomba la inchi 1¾ hadi 2. Cc 2000 isizidi 2¼. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini ya namna hiyo imeshapoteza kama asilimia 15 ya nguvu kabla hata hujawasha. Hakuna bomba la kuirudisha.

Sasa masega, yaani kichujio cha kusafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi (catalytic converter). Hapa ndipo mnapotupiga hasa. Fundi anagonga bomba kwa nyundo, anatangaza "yameziba haya", anakata, anachomelea bomba tupu, na masega yanabaki gereji. Mle ndani kuna madini ghali, platinamu, paladiamu na rodiamu, na mnunuzi anazijua. Kama kweli yameziba, pima: fungua sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya masega, funga geji ya presha kwenye tundu lake, zungusha injini mara 2,500 kwa dakika. Ikizidi psi 3, kuna kizuizi. Chini ya hapo, mwambie aweke grainda chini. Na yakitolewa, sensa ya nyuma itawasha taa ya injini kwa msimbo P0420, unaosema masega hayafanyi kazi, kisha atakudai tena hela ya "kuizima".

Uchomeleaji wenyewe aibu tupu. Bomba la steniles linaunganishwa na chuma cha kawaida kwa fimbo ileile ya kuchomea mageti! Kiungo cha namna hiyo kinataka 309L, fimbo ya kuunganishia steniles na chuma cha kawaida. Bila hiyo mshono unapiga kutu na kupasuka. Tundu likiwa kabla ya sensa ya mbele, hewa ya nje inaingia, sensa inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza petroli. Mwenye gari anabaki kulaumu sheli. Wengine wanakata ile flekso, kipande cha bomba kinachonyumbuka, na kuweka bomba gumu kwa kuwa "inavuja tu". Injini iliyokaa kwa upana hutikisika kila unapokanyaga au kuachia mafuta. Bila flekso, mtikisiko wote unaishia kwenye manifodi, yaani sehemu inayopokea moshi kutoka kwenye silinda, nayo inapasuka.

Wauza vifaa nanyi msijifiche. Chuma kilichopakwa kromu mnakiita steniles. Beba sumaku: steniles 304 haishikwi, au inashikwa kidogo sana penye mkunjo. Ila 409, ambayo viwanda hutumia kwenye ekzosi nyingi, inashikwa kabisa, kwa hiyo sumaku ikinasa usiondoke hapohapo, uliza namba. Asiyeijua namba anauza kromu.

Na huku kwetu kutu huanzia ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Asubuhi za Juni na Julai, Mbeya, Makambako au Njombe, safari fupi haichemshi sailensa ya nyuma, maji yanalala mle. Ndiyo maana sailensa nyingi zina kitundu chembamba chini, upande wa chini kabisa. Kuna mafundi wanakiziba kwa kuchomelea wakidhani ni kutu imetoboa!

Hatari zaidi ni bomba linaloishia katikati ya gari. Baridi ile, vioo vimepandishwa, moshi unapenya sakafuni. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na abiria wa nyuma anaweza kufa akionekana amesinzia. Mdomo utoke nje ya bampa la nyuma.

Mafundi mliomo humu, jibuni hapa: kwa nini masega ya mteja hayarudishwi mkononi mwake pamoja na risiti?