Naomba ushauri: vipepeo wa manjano na chungwa, nitawatofautishaje?

Hamjambo ndugu zangu. Niko Gede, huku Malindi. Tangu mvua zianze, njia za kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke zimejaa vipepeo. Wanatua kwenye tope bichi kwa makundi, wanafyonza chumvichumvi. Watoto wangu wanataka majina, na "kipepeo wa manjano" hawalikubali tena.

Wale wadogo wanaoruka chinichini, manjano ya limau na ukingo mweusi, nawahesabu kuwa Eurema (jina la kisayansi la kundi lao). Wenye ncha za mbawa za rangi ya chungwa nawaweka kwenye Colotis. Wanaonitatiza ni hawa wa tatu: wameiva rangi kama embe dodo, ukingo mweusi mpana, wakitua wanafumba mbawa kabisa. Jirani yangu anashikilia ni Colias, kundi jingine la vipepeo. Mimi nasita. Colias electo wa Kenya ni wa nyanda za juu, viwavi wake hula lusani na klova, mimea ya kulishia mifugo. Huku kwetu lusani iko wapi? (Yeye habishiki, mnawajua watu wa aina hiyo.)

Mnaofuga viwavi na kuuzia pupa (kiwavi akishajifunga, kabla hajawa kipepeo) Mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993 hapa hapa Gede, nisaidieni. Niangalie nini upande wa chini wa bawa la nyuma? Lile doa la fedha la Colias linatosha kumtambulisha? Na nitampigaje picha kwa simu bila kumkamata? Mchana hawatulii hata kidogo.