Mteja mmoja, majina 40 yanayofanana: mnapangaje ili anayehusika awe juu?

Dagaa_Ofisi (Kirumba, Mwanza)
Wakuu, habari za jioni. Tunafungulia akaunti wafanyabiashara wa dagaa na mabondo (vibofu vya samaki) wa soko la Mwaloni, wakiwemo wanaotoka Kongo. Kila jina tunalipitisha kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa na kwenye orodha ya watu wenye nyadhifa za kisiasa. Mfumo unapima kwa Levenshtein (idadi ya herufi za kubadili ili jina moja liwe lingine), kizingiti cha kufanana 80%. Akija "Juma Mohamed Ally" inarudi mistari 40, na wa kuangaliwa kweli anaweza kuwa wa 33. Nikipandisha hadi 90 naogopa kumpitisha mtu. Nifanyeje?

Ngosha_Takwimu
Mkuu, kizingiti kinaamua nani aingie. Mpangilio unaamua nani aangaliwe kwanza. Namba moja haiwezi kazi zote mbili. Ona: Ally na Ali ni jina moja, lakini Levenshtein inahesabu mabadiliko 2 kwenye herufi 4, unabaki na 50%. Hamadi na Hamidi ni majina tofauti, badiliko 1 kwenye herufi 6, 83%. Hiyo 80 yako ilishamtupa wa kweli ikambakiza asiyehusika.

Kabla ya kupima, safisha. Herufi pacha iwe moja, y iwe i, r na l ziwe kitu kimoja, ritifaa ya ng' iondoke, na Mohamed, Mohammed, Muhammad viingie kundi moja. Irabu ya mwisho futa i na u tu (Rashid/Rashidi). Ukifuta na a, Salim na Salima wanakuwa mtu mmoja. Kwa Wakongo, ou iwe u, tch iwe ch. Haya ni ya kupimia tu, jina halisi libaki kwenye skrini. Kisha linganisha neno kwa neno bila kujali mfuatano: kwetu jina la babu liko mwisho, Mkongo mara nyingi huanza na la ukoo.

Soundex (njia ya kugeuza jina kuwa msimbo wa matamshi) achana nayo. Ilitengenezewa majina ya Kiingereza na haigusi herufi ya kwanza, kwa hiyo Lashidi na Rashidi hawatakutana kamwe. Jaro-Winkler, kipimo kingine cha kufanana, nayo inatoa nyongeza kwa herufi 4 za mwanzo zikifanana, basi kina Mwanaidi na Mwanahawa wanapata alama za bure.

Halafu pima uzito kwa uadimu: logi (ya kizio 10) ya wateja wote kugawanya kwa wenye jina hilo. Ukiwa na wateja 8,000 na kina Juma 400, Juma anapata 1.3, jina lenye watu 2 tu linapata 3.6. Hapo ndipo mistari 40 inapopangika.

Bi_Uzingatiaji
Jina peke yake halitoshi, ongeza tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ndiyo tarehe yenyewe. Ikipishana na fomu, rekebisha hilo kwanza. Mimi ningeanza hivi: tarehe kamili ikilingana alama +30, mwaka tu +15, ikipishana zaidi ya miaka 10 toa 25. Ikikosekana ni 0, isiwe hasi, maana kuna waliomo kwenye orodha ambao mwaka wao ni wa kukadiria au wametajiwa tarehe kadhaa. 01/01 usiiamini sana, huandikiwa wasiojua siku yao. Jaribu pia kugeuza siku na mwezi.

Orodha ya Umoja wa Mataifa inatenga lakabu za uhakika na za mashaka. Za mashaka zipe nusu ya uzito. Namba zinazoanza na CDi ni watu wa vikwazo vya Kongo, CDe ni taasisi. Usilinganishe mtu na kampuni.

Dagaa_Ofisi
Asante dada. Jozi za mteja na jina la orodha zenye alama za chini kabisa, naweza kuacha mfumo uzifunge wenyewe?

Bi_Uzingatiaji
Za vikwazo hapana, mtu azione zote. Za wanasiasa sawa, ila chota sampuli kila wiki uzikague. Sababu ya kufunga iandikwe: "mwaka unapishana 22, uraia tofauti", siyo "si yeye". Taarifa za mteja au za orodha zikibadilika, jozi iliyofungwa ifunguke upya. Na mteja asijue: omba hati kama nyongeza ya kawaida ya fomu.

Ngosha_Takwimu
Mwisho upime. Chukua majina 50 ya orodha, yaharibu kama karani anavyoharibu (l/r, jina la kati limeachwa, mfuatano umegeuzwa), yaingize kama wateja. Hesabu mangapi yanatua kwenye nafasi 5 za juu. Jina likiwa la 12, shida iko kwenye uzito. Lisipotokea kabisa, rudi kwenye usafishaji na kizingiti, kupanga hakutalileta.